Nani Mwenye Kiwanja?



Karibu kila kijiji kina kiwanja cha mpira. Pengine ni kiwanja kizuri chenye magoli ya mbao. Pengine ni uwanda tu karibu na shule, na magoli yake ni mawe mawili kila upande. Nenda pale saa kumi na moja jioni. Utawakuta vijana wa kiume wanacheza. Wazee wamekaa pembeni chini ya mwembe. Watoto wanaukimbilia mpira ukitoka nje. Je, wasichana wako wapi? Wengine wako kisimani. Wengine wako jikoni. Wachache wamesimama mbali kidogo na ndoo zao, wanatazama.

Uliza kwa nini wasichana hawachezi. Utajibiwa mara moja. "Mpira si mchezo wa wanawake." Au, "Hawawezi." Au, "Nani atakuja kuwatazama?"

Majibu haya nimeyasikia mara nyingi. Hata katika darasa letu la jioni nimeyasikia. Mwanakisomo mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alisimama akasema hivi: "Mwalimu, mpira ni wa wanaume tangu asili, hata huko Uingereza ulikotoka. Hawa wanawake wanaocheza siku hizi ni mambo mapya." Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Kina mama nao waliitikia.

Mimi sikukubali, lakini siku ile sikuwa na la kumjibu. Nikaenda nikasoma. Leo nataka nikusimulie nilichokisoma, halafu nikupe maoni yangu. Kama hukubaliani nami, ni haki yako.

Wasichana wa kiwandani

Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ya dunia ilianza. Wanaume wengi wa Uingereza walikwenda vitani. Nani angefanya kazi viwandani? Wanawake waliitwa. Waliingia katika viwanda vya chuma na viwanda vya risasi na mizinga. Walinyanyua vitu vizito, walishika mashine, walifanya kazi usiku na mchana.

Katika mji wa Preston palikuwa na kiwanda kilichoitwa Dick, Kerr. Kabla ya vita kilitengeneza magari ya relini. Wakati wa vita kilitengeneza silaha. Wasichana wa kiwanda hiki walikuwa wakicheza mpira uani saa za mapumziko. Wakacheza na wanaume, wakawashinda. Basi wakaunda timu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1917 walicheza katika kiwanja kikubwa cha mji wao. Watu 10,000 walikuja kutazama. Fedha za kiingilio zilipelekwa hospitali, kuwatibu askari waliojeruhiwa.

Vita ikaisha mwaka 1918, lakini timu haikufa. Iliendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya majeruhi na maskini. Timu nyingine za wanawake zikaanzishwa katika miji mingi.

Sasa sikiliza habari ya tarehe 26 Desemba 1920. Timu ya Dick, Kerr ilikwenda mji wa Liverpool kucheza na wasichana wa St Helens. Kiwanja kilikuwa Goodison Park, kiwanja cha klabu kubwa ya wanaume ya Everton. Watazamaji walioingia walikuwa 53,000. Tena maelfu ya watu walibaki nje kwa kukosa nafasi. Mchezaji mmoja hodari, Florrie Redford, aliikosa gari moshi, hakufika. Nahodha Alice Kell, ambaye kwa kawaida alicheza nyuma, akasogea mbele kushika nafasi yake. Alifunga mabao matatu. Dick, Kerr walishinda 4-0. Kiingilio kilizidi pauni 3,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule.

Watu elfu hamsini na tatu! Fikiri watu wote wa kijiji chako, wakubwa kwa wadogo. Halafu fikiri vijiji ishirini kama hicho, au zaidi, vyote vimekusanyika mahali pamoja kuwatazama wasichana wakicheza mpira. Hayo yalitokea zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa hiyo yule anayesema "Nani atakuja kuwatazama?" jibu lake lilikwisha kutolewa mwaka 1920.

Mlango unafungwa

Mwaka 1921 ulikuwa mwaka mgumu huko Uingereza. Wachimba makaa ya mawe waligombana na wenye migodi juu ya mishahara, wakafungiwa kazi. Familia zao zikashikwa na njaa. Timu za wanawake zilicheza michezo mingi ili kuzisaidia familia hizo. Baadhi ya wakubwa hawakufurahi kuona jambo hili. Kuchangia askari wa mfalme ni sawa, lakini kuwachangia wafanyakazi wanaogombana na matajiri? Hilo lilikuwa jambo jingine.

Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Mpira cha Uingereza kilikutana mjini London. Wajumbe wake wote walikuwa wanaume. Kikatoa amri. Klabu zote zilizo katika Chama zisiwape wanawake viwanja vyao. Kwisha.

Chama kilitoa sababu mbili. Ya kwanza, eti mpira haumfai mwanamke, na haifai kumtia moyo aucheze. Ya pili, eti fedha za kiingilio zilitumika mno kwa gharama, na kidogo tu ndicho kilichowafikia maskini.

Tuzitazame sababu hizi. Nitaanza na ya pili, kwa kuwa nimewahi kuwa mtunza hazina wa chama cha ushirika, nami najua kidogo mambo ya daftari. Ukimshuku mtu juu ya fedha, unafanya nini? Unaita daftari. Unatazama mapato, unatazama matumizi, unauliza nauli ilikuwa kiasi gani. Ukikuta kosa, unamwadhibu mwenye kosa. Huwezi kuwafungia kiwanja wanawake wote wa nchi nzima kwa sababu ya daftari la timu moja au mbili. Tena klabu za wanaume zenyewe zilikuwa zinatoza kiingilio na kuweka fedha mfukoni mwao. Hakuna aliyewauliza wamewapa maskini kiasi gani.

Na sababu ya kwanza? Walikuwapo hata madaktari waliosema mpira utaharibu mwili wa mwanamke. Ajabu ni kwamba wanawake hawa ndio wale wale waliobeba vyuma vya mizinga miaka michache iliyopita. Wakati ule hakuna aliyesema miili yao itaharibika. Mwili wa mwanamke ulikuwa na nguvu za kutosha kwa kazi ya taifa, ukawa dhaifu ghafla ilipofika zamu ya mchezo. Mama unayesoma maneno haya, na leo umechota maji mara tatu, umepasua kuni na kulima robo ya eka, nadhani unaujua mtindo huu wa kusema.

Maoni yangu ni haya. Chama hakikuwafungia wanawake kwa sababu walicheza vibaya. Kiliwafungia kwa sababu walicheza vizuri na watu walikuja kuwatazama. Timu mbaya hujifia yenyewe, haihitaji amri. Lakini timu inayovuta watu elfu hamsini na tatu inatisha wengine.

Kombe la kwanza, na miaka ya viwanja vya nyasi ndefu

Wanawake hawakunyamaza. Mwezi ule ule wa Desemba 1921 timu zao ziliunda chama chao wenyewe. Mwaka 1922 chama hicho kiliendesha mashindano ya kombe, na timu ya Stoke ndiyo iliyolichukua. Hilo lilikuwa kombe la kwanza la namna yake. Lakini chama bila viwanja ni kama shule bila madarasa. Hakikudumu.

Waliobaki walicheza katika bustani za mji, katika viwanja vya raga na katika mashamba ya wakulima. Mwaka 1922 Dick, Kerr walisafiri hadi Marekani. Huko walicheza na timu za wanaume, na mara kadhaa walishinda. Mmoja wao alikuwa Lily Parr, msichana mrefu wa St Helens, mwenye shuti la mguu wa kushoto lililoogopwa na walinda mlango. Alianza kuichezea timu hiyo akiwa bado mtoto wa miaka kumi na mitano hivi, akaendelea mpaka mwaka 1951. Siku za kazi alikuwa muuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 2002 jina lake liliwekwa katika nyumba ya makumbusho ya mpira ya Uingereza, pamoja na majina ya wachezaji wakubwa kabisa, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Heshima ilimkuta kaburini.

Timu yake ilivunjika mwaka 1965.

Mtoano maana yake nini?

Mwaka 1966 Uingereza ilichukua Kombe la Dunia la wanaume. Nchi nzima ikawa na homa ya mpira. Wanawake na wasichana wakaanza tena kuunda timu. Mwaka 1969 wakaanzisha Chama cha Mpira cha Wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya karibu miaka 50, Chama cha wanaume kikaifuta ile amri ya 1921.

Kazi moja ya kwanza ya chama kipya cha wanawake ilikuwa kuanzisha kombe la taifa la mtoano. Pengine msomaji mwingine hajui mtoano ni nini. Ni mashindano ambayo ukishindwa mara moja umetoka. Hakuna pointi za kuhesabu, hakuna kungojea mzunguko wa pili. Timu mbili zinaingia, moja inakwenda nyumbani.

Mwaka wa kwanza waliingia timu 71. Zilitoka Uingereza, na nyingine Uskoti na Wales. Hebu chukua kalamu. Timu 71 zikiingia, na moja tu ndiyo itakayolichukua kombe, timu ngapi lazima zishindwe? Sabini. Basi inahitajika michezo 70 yenye mshindi. Wanakisomo wangu walibishana juu ya hesabu hii nusu saa nzima, wengine wakichora mistari ubaoni, mpaka mama mmoja aliyekuwa kimya nyuma akasema jibu bila hata kushika chaki.

Mimi naupenda mtoano kuliko ligi. Katika ligi tajiri hushinda karibu kila mara, kwa sababu msimu ni mrefu na yeye ana wachezaji wa akiba. Katika mtoano timu ya wauza duka inaweza kukutana na timu kubwa jioni moja, mvua ikanyesha, mpira ukagonga mwamba, na mambo yakawa mengine. Kwa timu za wanawake, ambazo hazikuwa na mali yoyote, lilikuwa jambo la maana sana. Kila timu ya mtaani ilipata tarehe, mpinzani na refa. Ilipata sababu ya kufanya mazoezi.

Fainali ya kwanza ilichezwa tarehe 9 Mei 1971, katika kiwanja cha michezo cha Crystal Palace mjini London. Timu ya Southampton iliifunga Stewarton and Thistle ya Uskoti 4-1. Pat Davies alifunga mabao matatu. Jana yake, tarehe 8 Mei, wanaume walicheza fainali ya kombe lao pale Wembley, Arsenal na Liverpool, mbele ya watu 100,000. Wanawake walicheza mbele ya watu wachache. Unaona tofauti? Sasa kumbuka wale 53,000 wa mwaka 1920. Watazamaji hawakupotea kwa bahati mbaya. Walifukuzwa. Huwezi kumfungia mtu duka lake miaka hamsini, kisha siku anapolifungua ukamwuliza kwa dharau mbona hana wateja.

Southampton na wengine

Timu ya Southampton ya miaka ile inanifurahisha. Haikuwa mtoto wa klabu ya wanaume. Ilikuwa timu ya wanawake wa mji ule, wenyewe. Ililichukua kombe mara nane: 1971, 1972, 1973, 1975, 1976, 1978, 1979 na 1981. Katika fainali 11 za mwanzo, ilicheza 10. Fainali ya 1978 iliifunga timu ya Queens Park Rangers 8-2. Mchezaji wake mmoja, Sue Lopez, alikwenda Italia mwaka 1971 kuichezea timu ya Roma, kwa sababu huko mchezaji mwanamke alipewa chochote. Kwao alicheza bure. Alirudi, akashinda tena.

Mwaka 1974 kombe lilichukuliwa na Fodens. Hii ilikuwa timu ya kiwanda cha malori. Ndani yake alikuwamo Sheila Parker, aliyekuwa nahodha wa kwanza wa timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza mwaka 1972, na Sylvia Gore, aliyefunga bao la kwanza kabisa la timu hiyo. Na huyu Sheila Parker, alipokuwa na miaka 13, alianzia wapi? Katika timu ile ile ya Dick, Kerr, ilipokuwa katika miaka yake ya mwisho. Kwa hiyo uzi haukukatika. Wakubwa walidhani wameukata, kumbe walikuwapo watu wameushika mkononi muda wote, katika viwanja vya nyasi ndefu.

Halafu wakaja Doncaster Belles. Walianza mwaka 1969. Walikuwa wasichana waliouza tiketi za bahati nasibu katika kiwanja cha klabu ya wanaume ya Doncaster. Kila Jumamosi waliwauzia watazamaji tiketi, nao wakatazama mpira. Siku moja wakasema, mbona na sisi tusicheze? Wakacheza. Kati ya mwaka 1983 na 1994 walifika fainali ya kombe mara 11 katika miaka 12. Walilichukua mara sita. Wauza tiketi!

Wenye fedha wanaingia

Mwaka 1993 Chama cha Mpira, kile kile kilichofunga viwanja, kilichukua uendeshaji wa kombe la wanawake. Fainali ya kwanza chini yake, mwaka 1994, ilichukuliwa na Doncaster Belles.

Je, jambo hili lilikuwa jema au baya? Wengi husema lilikuwa jema tu. Mimi nasema lilikuwa jema na lilikuwa na gharama. Jema, kwa sababu viwanja vizuri vilipatikana, waamuzi walipatikana, na televisheni ikaanza kuonyesha. Lakini klabu kubwa za wanaume nazo zikaamka. Arsenal peke yake imelichukua kombe mara 14, ya kwanza mwaka 1993 na ya kumi na nne mwaka 2016. Halafu zikaja Chelsea na Manchester City. Timu za wauza tiketi na za viwandani zikasukumwa nyuma.

Mwaka 2013 ilitokea habari iliyoniuma. Chama kilikuwa kinapanga upya ligi ya juu. Msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, Doncaster Belles waliambiwa kwamba mwaka unaofuata watateremshwa daraja. Manchester City, klabu yenye mali nyingi, ikapewa nafasi ya juu. Belles hawakushindwa kiwanjani. Walishindwa mezani, juu ya karatasi za masharti. Chama kilikuwa na hoja zake: viwanja, ofisi, mipango ya fedha. Siwezi kusema hoja hizo ni za bure, kwa kuwa mchezaji anahitaji kulipwa na kutibiwa. Lakini aliyelima shamba likiwa pori, na akalilinda miaka arobaini na zaidi, hastahili kutolewa siku mbegu ilipoanza kuota. Dhuluma haibadiliki kuwa haki kwa sababu imeandikwa vizuri.

Na fedha zenyewe? Tazama hesabu hii. Mwaka 2022 Chelsea ililichukua kombe la wanawake ikapewa pauni 25,000. Mwaka huo huo Liverpool ililichukua kombe la wanaume ikapewa pauni 1,800,000. Gawanya. Ni mara 72. Kombe moja, nchi moja, chama kimoja, mpira wa ukubwa ule ule. Watu walipiga kelele. Msimu uliofuata zawadi za wanawake ziliongezwa, na mshindi wa mwaka 2023 akapata pauni 100,000. Wanaume walipata 2,000,000. Mwaka huo ilikuwa mara 20. Ilikuwa nafuu, lakini bado ilikuwa mbali.

Klabu moja ndogo ya kusini, iitwayo Lewes, iliamua mwaka 2017 kuwapa wanawake na wanaume wake fedha sawa. Haikuwa klabu tajiri. Mwaka 2023 timu yake ya wanawake ilifika robo fainali ya kombe, ikafungwa na Manchester United 3-1. Wapo waliosema mpango wa Lewes ni ndoto. Basi ndoto ile ilifika robo fainali.

Tarehe tano Desemba

Fainali ilichezwa Wembley kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Chelsea iliifunga Notts County 1-0, mbele ya watu 30,710. Mwaka 2023 Chelsea iliifunga Manchester United 1-0, mbele ya watu 77,390. Zaidi ya timu 400 sasa huingia katika mashindano kila msimu. Kumbuka tulianza na 71.

Lakini fainali ninayoikumbuka mimi kuliko zote ni ya msimu wa 2020 na 2021. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona ilisogezwa mbele mpaka mwisho wa mwaka. Ikachezwa Wembley tarehe 5 Desemba 2021. Rudi nyuma kidogo katika ukurasa huu utazame ile amri ilitolewa lini. Tarehe 5 Desemba 1921. Miaka mia moja kamili, siku kwa siku. Chelsea iliifunga Arsenal 3-0, mbele ya watu 40,942. Natamani Alice Kell angekuwapo, na Lily Parr na mguu wake wa kushoto.

Mwaka 2024 msichana wa Tanzania, Aisha Masaka, alijiunga na timu ya wanawake ya Brighton, katika ligi ya juu ya Uingereza. Yeye naye hakuanguka kutoka mbinguni. Aliwahi kuwa mtoto mdogo mwenye mpira. Watu walimwachia mahali pa kuuchezea.

Kijijini kwetu

Sasa narudi kwenye kiwanja chetu. Sikwambii kila msichana lazima acheze mpira. Wako wasioutaka, kama walivyo wavulana wasioutaka. Nasema tu kwamba sisi watu wazima ndio tunaotoa amri ya 5 Desemba kila jioni bila kuiandika. Tunaitoa tunapomtuma binti kisimani saa ile ile ambayo kaka yake ameachiwa aende kiwanjani. Tunaitoa tunapocheka. Halafu tunasema hawawezi.

Kiwanja chetu kina jioni saba kwa wiki. Napendekeza mbili ziwe za wasichana, Jumatano na Jumamosi, na siku hizo mbili wavulana wachote maji. Wanaotaka timu tano wapange mtoano mdogo baada ya mavuno. Timu tano, michezo minne. Kombe linaweza kuwa sufuria.

Nililisema jambo hili darasani, wiki mbili baada ya ule ubishi wetu. Niliwasimulia habari zote hizi, kuanzia kiwanda mpaka Wembley. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, ameshika fimbo yake. Nilidhani atapinga. Akauliza, "Na refa atakuwa nani?" Kabla sijajibu, mama mmoja akasema mwanawe aliyeko sekondari anazijua sheria zote, aletwe. Mwingine akauliza juu ya mpira wenyewe, maana ule uliopo ni wa vijana na wanaufungia ndani kwa mwenyekiti wao. Mzee akasema ushirika unaweza kununua wa pili.

Jambo hilo limewekwa katika ajenda ya mkutano wa kijiji, Jumapili ijayo saa nne. Ni la sita, baada ya habari za josho.